Filta ya AC: Faida iko katika vipimo

Wafanyabiashara wengi wanaoanza biashara ya vipuri huvutiwa na filta ya AC ya gari. Ni nyepesi, haivunjiki, haichukui nafasi dukani, na aliyenunua leo atahitaji nyingine baadaye. Pamoja na hayo, ni bidhaa inayoweza kufunga mtaji kwa muda mrefu. Somo la wiki hii linaeleza sababu.

Ni filta ipi?

Isichanganywe na filta ya injini, ambayo mafundi huiita ea klina. Filta ya AC husafisha hewa inayoingia kwa abiria. Katika Toyota nyingi zilizotumika zinazoletwa nchini kutoka Japani, hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Fundi hushusha kisanduku, hufungua kifuniko cha plastiki na kuivuta. Ni kazi ya dakika chache. Wakati wa kurudisha, mshale uliochorwa pembeni ufuatwe.

Filta ikijaa vumbi, feni hulazimika kufanya kazi zaidi huku hewa ikitoka kidogo. Wenye magari wengi hudhani gesi imekwisha, wakalipia kujaza gesi, na tatizo likabaki palepale. Muuzaji anayemwambia mteja aangalie filta kwanza hujijengea jina.

Aina mbili

Ipo ya kawaida, nyeupe, inayozuia vumbi na chavua. Ipo pia yenye mkaa maalumu, ya rangi ya kijivu au nyeusi, ambayo hupunguza harufu na moshi wa magari. Ya mkaa huwa na bei zaidi. Humfaa dereva wa teksi anayeshinda katika foleni za mjini. Kwa gari linalokwenda barabara za vumbi, ya kawaida inayobadilishwa mapema ni matumizi bora ya fedha.

Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kila kilomita 15,000 hadi 30,000. Penye vumbi jingi muda huo hupungua. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa huweza kupasua nyuzi, na mkaa uliochoka haurudi kwa kuoshwa.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kufanyia hesabu tu. Mfanyabiashara ananunua filta 60 kwa Sh. 10,000 kila moja. Ametoa Sh. 600,000. Anauza kwa Sh. 15,000. Akishauza 40, amepata Sh. 600,000, yaani amerudisha mtaji tu. Faida yote, Sh. 300,000, imo katika zile 20 za mwisho. Kama hizo 20 ni za vipimo visivyoulizwa na mtu, amefanya kazi bure, na bado hajatoa kodi ya pango.

Hapo ndipo wengi huanguka. Hununua mzigo mchanganyiko kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, bila kujua kila filta inaingia gari gani. Jina la gari pekee halitoshi, kwani gari la jina moja huweza kubadilika filta toleo hadi toleo.

Kanuni tatu

Kwanza, nunua kwa namba ya kipuri. Namba za filta nyingi za AC za Toyota huanza na 87139. Tarakimu au herufi zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Anza na namba zinazoingia magari ya aina nyingi.

Pili, muulize mteja namba ya chesisi, au aje na filta ya zamani upime urefu, upana na unene. Filta iliyopwaya hupitisha vumbi pembeni, na mteja hatarudi.

Tatu, andika kila filta iliyoulizwa ukaikosa. Baada ya miezi miwili au mitatu, orodha hiyo ndiyo itakayokuelekeza cha kununua kuliko maneno ya muuzaji wa jumla. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.