Walinzi wa Udongo katika Bonde la Sebeya



Nimeombwa niandike somo kwa wanafunzi wa sasa na kwa wenzangu tuliokwisha kuiaga shule. Nimechagua habari za watu wanaoangalia udongo na maji vijijini, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Ni katibu wa kamati ya kijiji kimoja kilimani, juu ya Mto Sebeya, si mbali na mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu. Kazi hii haina mshahara wala kofia, lakini ina mafundisho mengi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sebeya huanza katika milima ya Rutsiro, ikateremka mpaka Ziwa Kivu. Zamani msitu wa Gishwati ulifunika sehemu kubwa ya milima hiyo. Katika miaka ya 1980 sehemu yake ilikatwa kwa ajili ya malisho na mashamba, na baada ya mwaka 1994 ilikatwa tena, watu waliorudi kutoka uhamishoni walipotafuta mahali pa kukaa. Kilichobaki leo kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Msitu hunywa mvua polepole, bali mteremko mtupu huisukuma chini mara moja, pamoja na udongo. Na udongo huo hauishii shambani. Maji ya bomba ya Gisenyi husafishwa pale Gihira kutoka mto huo huo, na mitambo ya umeme ya Gihira na Keya huendeshwa nao. Tope likizidi, mjini wanakosa maji kwa sababu ya jembe la mtu aliye mlimani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ikafurika, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakafa nchini. Rubavu ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizopata msiba mkubwa.

Sasa, ni nani wanaoangalia mambo haya? Juu kabisa ipo Bodi ya Rasilimali za Maji ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 2020. Chini yake ipo wilaya, kisha bwana shamba wa sekta, ambayo kwetu huitwa umurenge. Mwisho ni kijiji, yaani umudugudu. Mradi wa bonde la Sebeya, uliosaidiwa na Uholanzi, uliwafundisha wanavijiji kuchora ramani ya ardhi yao wenyewe: hapa matuta, hapa miti, hapa mianzi kando ya mto. Tena kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakuwa na umuganda, kazi ya wote, na mara nyingi kazi hiyo ni kuchimba na kuzibua mitaro.

Mtaro mzuri hauchimbwi kwa kukisia. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, uzifunge juu ziwe kama herufi A, kisha ufunge ya tatu katikati kwa mapana. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Piga vigingi viwili, usimamishe mguu mmoja penye kila kigingi, utie alama pale kamba inapogusa fito ya mapana. Geuza, mguu wa kushoto ukae penye kigingi cha kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Basi tembeza chombo chako ukikata mlima kwa upande. Kamba ikitulia hapo katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja, nawe piga kigingi. Mstari wa vigingi ndiyo njia ya mtaro. Ukingoni panda majani ya tembo: mizizi hushika udongo, na ng'ombe hupata chakula. Mtaro uliopinda, au uliojaa tope, hugeuka mfereji. Hukusanya maji mahali pamoja na kuyamwaga kwa jirani.

Yafaa tujue pia kwamba mitaro si jambo jipya. Wabelgiji waliwalazimisha watu wa Rwanda kuichimba, na baada ya uhuru wa mwaka 1962 mingi iliachwa, kwa kuwa watu waliiona kama alama ya utumwa. Vivyo hivyo kule Tanganyika, watu wa milima ya Uluguru waliyakataa matuta ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1955 pakatokea ghasia. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, lakini yaliletwa kwa amri na adhabu. Ndiyo sababu mlinzi wa leo hachukui kiboko. Huchukua daftari na maneno.

Lakini maneno nayo yana hatari yake, ndiyo kunyamaza. Hapa hapana budi niseme kosa langu. Mwezi wa Machi 2023 kamati ilinituma kukagua mitaro ya upande wa juu. Mtaro wa baba yangu mdogo niliukuta umejaa, na majani ya ukingoni yameng'olewa ili ipatikane mistari miwili zaidi ya viazi. Nikamwambia, "Baba, mtaro umejaa." Akanijibu, "Mwanangu, umekula viazi vya shamba hili mpaka ukamaliza shule. Leo wanikagua mimi?" Nikaona haya. Katika daftari nikaandika: mzuri.

Usiku ule wa Mei maji yalipita pale pale, yakachukua maharagwe ya mama mmoja mjane aliye chini yetu, pamoja na udongo mpaka mawe yakaonekana. Sisemi kwamba mtaro mmoja ungezuia mafuriko ya wilaya nzima. Lakini mashamba ya kando, yenye mitaro safi, yalibaki na udongo wake. Mkutanoni yule mama akasema kwa upole, "Katibu, tusomee daftari." Nikasoma. Kisha nikakiri mbele ya wote kwamba niliandika uongo. Baba mdogo hakusema neno. Kesho yake alfajiri nilimkuta mtaroni na jembe, nami nikaingia upande wa pili.

Maharagwe ya mama yule tulimlipa. Udongo wake hatukuweza kumlipa, maana hauuzwi sokoni, na mawe yale bado yanaonekana.

Basi, ndugu wanafunzi, siku moja mtapewa daftari la namna hii, la mitaro au la mambo mengine. Mheshimuni mzee, mwamkieni, msaidieni kushika jembe. Lakini andikeni mlichokiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine ukuta wenyewe ni wa jirani.

Maswali:
1. Kwa nini tope la mlimani huwadhuru watu wa mjini?
2. Kwa nini alama hutiwa mara mbili kabla ya kupima?
3. Mitaro iliyochimbwa kwa amri iliachwa. Je, ya kwenu italindwa na nini?