Mtoto mwenye kuumwa tumbo kila mara: tumsaidie namna gani?

Baba na mama wasomaji, leo hatusemi juu ya kofia ya chuma wala juu ya vumbi la shimoni. Tunasema juu ya ugonjwa unaokaa nyumbani, kwa watoto wa masomo, toka miaka 7 hivi mpaka 17.

Mtoto anaumwa tumbo. Anashika kitovu, anainama, anakataa chai. Saa nne maumivu yamepita, anacheza na wenzake. Kesho kutwa yanarudi. Mwezi unapita, miezi mitatu inapita. Wazazi wamekwisha kununua dawa ya nyoka za tumbo mara tatu, na dawa ya amibe, na dawa ya tifoide. Mavi yamepimwa, damu imepimwa, hata ekografi imefanywa. Mganga anasema: «Sioni kitu.»

Hapo ndipo nyumba inagawanyika. Baba aliyetoka kazi ya usiku anasema mtoto ni mvivu, anakimbia masomo. Mama analia, anaona mtoto atakufa. Shangazi anatafuta nani katika jamaa amemloga. Na huyu mtoto, analala juu ya mkeka, anasikia yote.

Basi sikilizeni. Mtoto hadanganyi. Maumivu yake ni ya kweli. Tena si uchawi, na mara nyingi si ugonjwa wa kuua. Mwaka 1958, waganga wawili wa Uingereza, Apley na Naish, walitangaza habari za watoto 1000 wa masomo waliowachunguza. Karibu mtoto 1 kwa kila 10 alikuwa na maumivu ya namna hii: yanampata mara tatu au zaidi, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, nayo yanamzuia kufanya mambo yake. Kwa wengi wao hawakuona kidonda wala uvimbe. Kwa hiyo, kama una watoto kumi katika ukoo wako, usishangae.

Lakini mbele ya kusema «ni tumbo la namna ile», lazima tupime. Hapa kwetu kuna magonjwa mengi ya tumbo yenye dawa yake: nyoka, amibe, bilarzioze kwa watoto wenye kuoga mtoni, vidonda vya tumbo, na tena choo kigumu. Hiki cha mwisho watu wanakidharau. Watoto wengi hawataki kuingia choo cha masomo kwani hakina mlango, ao kinanuka, ao wakubwa wanawacheka. Wanajizuia toka asubuhi mpaka wanaporudi nyumbani. Mavi yanakauka, tumbo linauma. Mwulizeni mtoto wenu swali hili kwa upole. Halitaki pesa.

Kuna alama ambazo hazingoji kesho. Mtoto akitapika pasipo kusimama, ao akitapika kitu cha rangi ya majani. Akiona damu katika mavi. Akiwa na homa na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Maumivu yakianza kwenye kitovu kisha yakashuka upande wa kuume chini na kukaa pale: mlete siku ile ile, hata usiku. Vivyo hivyo mtoto mwenye ugonjwa wa damu tunaouita SS, tumbo lake likimkamata usimpe maneno, mlete. Mwenye kukonda, ao asiyeongezeka urefu, ao mwenye kuamshwa na maumivu katikati ya usingizi, huyu pia mganga amwone upesi. Na msichana aliyekwisha kuona mwezi tunampima mimba, kwani mimba inaweza kukaa mahali pabaya na kumwua. Tunampima pasipo kumtukana, na wazazi wafanye vile vile.

Tuseme sasa tumepima vizuri, na hakuna kitu. Maumivu yanatoka wapi?

Wewe mwenye kufanya kazi kwenye mkanda wa kupeleka mawe, utanielewa upesi kupita mwalimu. Kando ya mkanda kuna kamba ya kuusimamisha. Mtu akianguka, anavuta kamba, mkanda unasimama, mtu anapona. Ni kitu kizuri. Lakini siku nyingine kamba hii inakuwa nyepesi kupita kiasi. Jiwe dogo linapita, mkanda unatikisika kidogo, nao unasimama. Fundi anakuja, anatazama: mkanda hauna shida, mota haina shida, hakuna mtu aliyeanguka. Je, fundi ni mwongo? Hapana. Mkanda ulisimama kweli. Shida iko kwenye kamba yenyewe.

Tumbo lina mishipa mingi sana ya kusikia. Katika ukuta wa utumbo kuna chembe za mishipa zaidi ya milioni 100, nazo zinasemezana na ubongo mchana na usiku. Kwa watoto wengine, labda nyuma ya kuhara vibaya, ao nyuma ya msiba ao hofu kubwa, ao pasipo sababu tunayoijua, mishipa hii inakuwa nyepesi kama ile kamba. Pumzi ndogo inapita katika utumbo, jambo la kila siku, nayo ubongo unapokea habari ya maumivu makali. Mtoto anaogopa. Hofu inaamsha mishipa zaidi. Basi anaanza kukimbia mambo: haendi masomo, hali maharagi, hachezi mpira, hapandi gari mbali na choo. Kila anapokimbia jambo, hofu yake inazidi kukomaa.

Kwa kamba ile fundi haikati, wala haachi mkanda ulale miezi mitatu. Anairekebisha kidogo kidogo na mkanda unatembea. Kwa mtoto pia kuna marekebisho. Waganga wanayaita tiba ya mwenendo: kumfundisha mtoto kurudia kazi zake hatua kwa hatua, hata tumbo likisema, mpaka ubongo uzoee kwamba hakuna hatari.

Huko Sweden, katika mji wa Stockholm, wameyafundisha haya kwa njia ya intaneti. Kwa majuma 10 mtoto anafungua somo lake katika ordinatere ao simu, anasoma, anasikiliza, anapewa kazi ya kufanya nyumbani, naye saikologe anamjibu kwa maandishi. Wazazi wana masomo yao pekee. Mwaka 2017 walitangaza matokeo ya vijana 101 wa miaka 13 mpaka 17 wenye utumbo mwepesi. Mwaka 2019, ya watoto 90 wa miaka 8 mpaka 12. Mara zote mbili waliofuata masomo walipata nafuu kupita wenzao wasioyafuata. Hakuna sindano, hakuna kidonge.

Najua mtasema: Sweden ni mbali, umeme unakatika, na mega za simu ni pesa. Ni kweli. Tena masomo yale yako katika lugha yao. Lakini kitu kilichowaponya watoto wale si simu. Simu ilibeba maneno tu, kwa sababu hata kwao masaikologe wanaojua kazi hii hawatoshi. Kiini cha kazi tunaweza kukifanya hapa kambini. Na msinunue dawa ya tumbo kwa mtu asiyejulikana kwenye WhatsApp, hata akitia picha ya mganga mwenye koti jeupe.

Kazi ya kwanza ni ya wazazi, nayo inawashinda wengi. Acheni kuuliza kila saa: «Tumbo liko namna gani?» Mwaka 2006, huko Marekani, wachunguzi walinywesha watoto maji mengi mpaka tumbo likajaa. Mama wengine waliambiwa wamwulize mtoto na kumhurumia juu ya tumbo. Wengine waliambiwa wamgeuzie mtoto mawazo kwa hadithi nyingine. Watoto wa kundi la kwanza walilalamika karibu mara mbili kupita wale ambao mama hawakufundishwa kitu. Wa kundi la pili walilalamika nusu tu. Na ajabu ni hii: wamama waliona kugeuza mawazo kutamwumiza mtoto, lakini watoto wenyewe walisema kuliwatuliza. Kwa hiyo, mtoto akisema tumbo linauma, mjibu mara moja: «Nimesikia, pole.» Kisha umtume kuleta kuni, ao mhesabu pamoja matofali ya nyumba.

Baba naye: kumpiga ao kumwita mwongo kunaongeza hofu, na hofu ni mafuta ya ugonjwa huu.

Kazi ya pili ni ngazi. Hamshuki shimoni kwa kuruka. Andikeni pamoja na mtoto mambo yote anayoyakimbia, toka jepesi mpaka gumu. Tuseme kijana ameacha masomo mwezi mzima. Juma la kwanza anavaa nguo za masomo kila asubuhi, anatembea mpaka kwenye mlango, anarudi. Juma la pili anakaa saa mbili darasani, hata akiumwa. Mwalimu ajulishwe, amruhusu kukaa karibu na mlango, lakini asimrudishe nyumbani kwa sababu ya maumivu peke yake. Juma la tatu anakaa mpaka mapumziko. Na anaposhindwa hatua moja, anairudia. Hamrudi chini kabisa. Vivyo hivyo kwa chakula: kijiko kimoja cha maharagi pamoja na bukari, kesho kutwa viwili. Siku ambayo haendi masomo asipewe televisheni wala soda, kwani tumbo linajifunza pia kwamba kulala nyumbani kuna faida.

Ya tatu ni pumzi. Mtoto alale chali, mkono juu ya kitovu. Avute pumzi mpaka mkono upande, akihesabu 4, aitoe polepole akihesabu 6. Mara kumi, asubuhi na jioni, hata siku zisizo na maumivu. Anayeingoja siku ya maumivu ili ajifunze, anachelewa.

Aspirini na ibuprofeni msimpe ovyo, zinaweza kuumiza tumbo. Dawa za majani za kuingiza nyuma kwa mpira, hapana kabisa: zinaweza kuchoma utumbo wa mtoto, na hapo ndipo ugonjwa mdogo unapokuwa kazi ya kisu.

Lazima niseme pia, maumivu hayaishi yote kwa kila mtoto. Wengine wanabaki na kidogo. Lakini anayebaki na maumivu kidogo na anafanya mtihani wake wa Leta pamoja na wenzake, si sawa na yule aliyepoteza mwaka. Chunguzeni pia kama kuna jambo linalomwogopesha kweli: mwalimu mwenye fimbo, mkubwa anayemnyang'anya chakula, pesa za masomo zisizolipwa. Hapo tumbo linasema kitu cha kweli, na ngazi peke yake haitatosha.

Nunueni kijitabu kimoja. Msiandike maumivu, andikeni alichofanya: «Siku ya pili, darasani mpaka saa nne. Siku ya tatu, mpira.» Mwisho wa majuma 10 njooni nacho dispansere, tutakisoma pamoja na mtoto. Kama mbele ya hapo alama moja ya zile za hatari inatokea, ao anasema hataki tena kuishi, msingoje majuma 10 wala zamu ya baba kwisha. Mleteni, na kijitabu chake mkononi.