SAUTI NA GITAA ZIENDE MWENDO MMOJA

Katika somo hili tutajifunza kurekodi wimbo nyumbani, sauti pamoja na gitaa, bila mwendo kuharibika. Zamani kurekodi ilikuwa kazi ya studio za Dar es Salaam au Nairobi. Siku hizi simu yenye programu ya kurekodi inatosha kuanzia. Kutoka Same mjini mpaka Chome, Suji, Gonja na Mamba, wapo vijana wenye magitaa, zipo kwaya, na wapo wazee wenye nyimbo za Kipare walizozipokea kwa masikio tu.

Lakini nyimbo nyingi za kurekodi nyumbani zina ugonjwa mmoja. Sauti ni nzuri, gitaa ni zuri, ila haviendi pamoja. Gitaa linakimbia, mwimbaji anaachwa. Mwimbaji anavuta neno, gitaa limekwisha kupita. Msikilizaji hawezi kusema kosa liko wapi, lakini mguu wake unaacha kugonga chini. Mguu ukiacha kugonga, basi, wimbo umempoteza.

Mwendo ni nini?

Mwendo wa wimbo ni mpango wa kugawana muda. Watu wa milima ya Upare wanaujua mpango wa namna hii kwa njia ya maji. Maji ya mfereji hukusanywa usiku ndani ya ndiva. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mkulima ana zamu yake. Mtu akifungulia shambani kwake kabla ya zamu, amekula maji ya mwenzake. Hata shamba lake likiwa zuri namna gani, ugomvi umekwisha kuingia.

Katika wimbo, muda ndiyo maji, na pigo ndiyo zamu. Gitaa likiingia kabla ya pigo lake, limekula nafasi ya sauti. Sauti ikichelewa, imekula nafasi ya gitaa.

Mapigo huhesabiwa kwa dakika. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika una pigo moja kila sekunde. Wimbo wa mapigo 120 una mapigo mawili kila sekunde. Kujua mwendo wa wimbo wako, fanya hivi. Imba kama kawaida huku mguu unagonga. Mwenzako aangalie saa, ahesabu mapigo ya mguu kwa sekunde 15. Kisha zidisha kwa 4. Akipata 22, mwendo wako ni 22 mara 4, yaani 88. Andika namba hiyo kwenye daftari.

Sasa hesabuni tena kwenye kiitikio cha mwisho. Mkianza na 88 na kumaliza na 100, mmekimbia. Tusidanganyane, karibu kila mtu hukimbia. Kiitikio kikifika, furaha huongeza mwendo. Mahali vidole vinapopata shida kuhama kwenye nyuzi, mwendo hupungua. Kwa hiyo tafuta sehemu hizo mbili kabla hujagusa simu, uzifanyie mazoezi polepole.

Nani anaongoza mwendo?

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu: kiongozi wa mwendo awe mmoja tu, na ajulikane kabla ya kuanza. Tuangalie wenzetu walivyofanya.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, katika Kongo. Mji huo sasa unaitwa Likasi. Mwenda alipiga gitaa na kuimba mwenyewe. Vidole na koo vilitii kichwa kimoja, kwa hiyo mwendo haukuwa na ugomvi.

Magharibi ya Kenya kulikuwa na George Mukabi, mpiga gitaa wa mtindo wa omutibo, aliyefariki mwaka 1963. Katika mtindo huo mpiga gitaa huwa na mwenzake wa chupa ya Fanta. Chupa ile ya kioo ina mistari ubavuni, nayo hukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Ni chupa tu, lakini ndiyo saa ya wimbo.

Miaka ya 1970 bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio na kupiga kwa pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake. Walikuwa wamekwisha kuzoeana katika kumbi za dansi, usiku baada ya usiku.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mara nyingi gitaa hurekodiwa leo, na sauti hurekodiwa kesho. Mpiga gitaa hamsikii mwimbaji, na mwimbaji hawezi kumwambia mpiga gitaa amsubiri. Ndiyo sababu anatakiwa kiongozi atakayekuwapo siku zote mbili bila kubadilika.

Hatua za kufuata

1. Chagua saa ya wimbo. Ipo programu ya simu iitwayo metronomu. Inagonga ti, ti, ti kwa mwendo unaoutaka. Iweke kwenye namba uliyoandika, kwa mfano wetu ni 88. Kama mlio wake unakuchosha, rekodi kwanza mwenzako akigonga chupa kwa kuifuata metronomu. Kisha mfuate chupa hiyo.

2. Acha mapigo manne matupu mwanzoni. Moja, mbili, tatu, nne, ndipo wimbo uingie. Bila mapigo hayo kila mtu ataanza kwa kubahatisha.

3. Rekodi wimbo wa kuongozea. Imba na kupiga gitaa kwa pamoja, ukiifuata saa. Usijali uzuri. Huu ni kama kamba ya fundi anayejenga ukuta: nyumba ikiisha kamba inaondolewa.

4. Rekodi gitaa peke yake, huku ukisikiliza saa na wimbo wa kuongozea katika hedifoni. Kisha rekodi sauti peke yake. Mwisho futa wimbo wa kuongozea na mlio wa saa. Faida yake ni kwamba sauti ikikosewa, utarudia sauti tu. Ukirekodi vyote pamoja kwa kipaza sauti kimoja, vimeshachanganyika kama maziwa na chai. Huwezi kurekebisha kimoja ukaacha kingine.

5. Tumia hedifoni zenye waya. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti. Tuseme zinachelewa sekunde 0.2. Katika wimbo wa mapigo 120, pigo moja ni sekunde 0.5. Kwa hiyo umechelewa karibu nusu ya pigo! Utajilaumu bure kwamba hujui kuimba, kumbe ni hedifoni.

6. Ipime programu yako kabla ya kazi. Nyingine huweka rekodi ya pili nyuma kidogo ya ile ya kwanza. Rekodi mlio wa saa. Kisha shika hedifoni karibu na kipaza sauti cha simu, urekodi mlio huohuo mara ya pili. Sikiliza zote mbili. Ukisikia ti moja, mambo ni sawa. Ukisikia titi, titi, ya pili imechelewa. Isogeze mbele mpaka zilingane, na kumbuka kufanya hivyo kwa kila rekodi mpya.

Chagua pia saa tulivu. Mvua juu ya bati au mashine ya kusaga itaufunika mlio unaokuongoza. Na mguu wako ugonge juu ya nguo iliyokunjwa, usije ukarekodiwa nao.

Kwaya ikiwa kubwa

Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Ukipiga kelele kuelekea jabali lililo mita 170 kutoka ulipo, sauti huenda mita 170 na kurudi mita 170. Mlima utakujibu baada ya sekunde moja. Ndani ya jengo ni vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo. Mwimbaji aliyesimama mita 17 kutoka kwenye gitaa hulisikia likiwa limechelewa sekunde 0.05. Akiimba kwa kulifuata, naye huchelewa, na sauti yake ikirudi huchelewa zaidi. Basi wasimameni karibu karibu, nusu duara, na wote wauangalie mkono wa mwalimu mmoja. Macho hayacheleweshwi na ukubwa wa jengo.

Nyimbo za wazee wetu

Hapa tuwe waangalifu sana. Si kila wimbo unatakiwa kufungwa kwenye metronomu. Bibi anayembembeleza mjukuu hurefusha mstari kwa sababu mtoto hajalala. Mzee anayeimba wimbo wa msaragambo huacha nafasi ya majembe kupanda na kushuka. Nafasi ile si kosa, ni sehemu ya wimbo. Tukimvalisha mzee hedifoni na kumlazimisha kufuata ti, ti, ti, tutapata wimbo ulionyooka, lakini si ule aliourithi.

Kwa wimbo kama huo, mzee ndiye saa. Mwombe ruhusa, ukae karibu naye, mrekodi yeye kwanza peke yake, mpaka mwisho, bila kumkatiza. Gitaa lije baadaye kwa kumsikiliza. Kijana asikilize mara kumi kabla ya kupiga hata uzi mmoja, ajue mzee anapumua wapi na anasubiri wapi. Na rekodi ya kwanza isifutwe kamwe. Itunzwe hata kwenye simu ya pili. Gitaa linaweza kurudiwa mwakani, lakini mzee huenda mwakani tusiwe naye.

Kwa hiyo, wimbo wa dansi au wa kwaya tuuongoze kwa saa, kwa chupa au kwa mkono wa mwalimu. Wimbo wa mzee uongozwe na mzee. Kote kuwili sheria ni moja: kiongozi mmoja, na wengine wasubiri zamu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mapigo 25 katika sekunde 15 ni mapigo mangapi kwa dakika?
2. Kwa nini hedifoni zenye waya zinafaa zaidi?
3. Kuna hasara gani kurekodi sauti na gitaa kwa kipaza sauti kimoja?
4. Taja wimbo mmoja wa kijijini kwenu ambao haufai kufungwa kwenye metronomu. Eleza sababu.
5. Nani kijijini anaujua wimbo huo vizuri kuliko wote? Kikundi kipange siku ya kwenda kumwona.