Nyumba mpya ubavuni mwa zizi

Shangazi, mimi ni Mtanzania, nimeolewa Devon, Uingereza, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jirani anataka kugeuza mabanda yake ya zamani kuwa nyumba tatu za kuuza, karibu kabisa na zizi letu. Baba mkwe ameacha kumsalimia. Mume wangu anasema tunyamaze, kwani sisi ndio tuliotangulia. Mimi naogopa malalamiko ya harufu na kelele. Tufanyeje?
Mama wa Wawili, Devon

Mwanangu, hofu yako ina msingi. Kwa sheria ya huko, kutangulia peke yake si kinga. Mwaka 2014, katika kesi ya uwanja wa mbio za magari huko Suffolk, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba aliyehamia baadaye bado anaweza kushtaki kwa kero. Majaji waliwaachia wenye shughuli za zamani nafasi ya kujitetea iwapo mlalamikaji ndiye aliyebadilisha matumizi ya ardhi yake, lakini hoja hiyo ni ya kupigania mahakamani, na mahakama ni gharama.

Kwa hiyo semeni sasa, kabla hajahamia mtu. Tangu 2014 mabanda ya shambani yanaweza kugeuzwa nyumba bila kibali kamili cha ujenzi, kwa njia ambayo leo inaitwa Class Q. Njia hiyo haipo ndani ya hifadhi kama Dartmoor, basi kwanza hakikisheni mko upande gani wa mpaka. Kama ipo kwenu, halmashauri bado lazima iridhie, na ina siku 56 za kuamua. Itaangalia barabara, mafuriko, uchafuzi wa ardhi, kelele, na kama mahali penyewe panafaa watu kuishi. Hoja yenu imo katika hayo mawili ya mwisho. Mwongozo wa serikali wenyewe unataja ujirani na hifadhi za saileji, mabanda makubwa ya kuku na mashine za hatari kuwa sababu ya kuona kwamba mahali hapafai.

Katika barua yenu kwa halmashauri msiandike kwamba hamtaki wageni. Hilo halina uzito. Andikeni saa mnayoanza kukamua alfajiri, miezi mnayomwaga samadi, trekta zinavyofanya kazi usiku wakati wa saileji, na ndama wanavyolia wakitenganishwa na mama zao. Ambatanisheni ramani yenye umbali kwa mita. Litazameni na jengo lenyewe: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubali kwamba banda la fremu za chuma, lililo wazi pande tatu, haligeuzwi bali linajengwa upya, na Class Q haihusu kujenga upya.

Lipo jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau. Nyumba hizo zikishapata wakazi, banda jipya la mifugo au hifadhi ya samadi ndani ya mita 400 kutoka kwao litahitaji kibali kamili. Kama mna mpango wa kupanua zizi, utajeni katika barua.

Sasa baba mkwe. Jirani naye anatafuta riziki kwa mali yake, na vijiji vinahitaji nyumba. Mumeo amchukue baba yake waende kwa jirani kabla ya barua, wasimsute. Wamwombe madirisha ya vyumba vya kulala yasielekee zizini, magari ya wakazi yasipite njia ya ng'ombe, na wakili aandike katika hati za mauzo kwamba mnunuzi anajua anahamia kando ya shamba linalofanya kazi. Akikubali, mmejipunguzia ugomvi wa miaka. Akikataa, mtakuwa mmemweleza ana kwa ana kabla ya kuandika pingamizi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tangazo la halmashauri kuhusu ombi la jirani hukaa kwa muda usiopungua siku 21. Tafadhali mwanangu, itazame tarehe ya mwisho leo hii, kaa na mumeo muandike, na barua ifike kabla ya siku hiyo.