Kabla ya kulipa kodi, jua kazi iko wapi

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Chanika, barua yako nimeisoma mara mbili. Umepata kazi ya mapokezi Masaki, unaamka saa tisa na nusu usiku, unarudi nyumbani saa tatu, na mama anakwambia uvumilie kwa sababu kazi siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Unauliza: niache au nivumilie? Mimi nasema usiache kazi, hama nyumba. Na nasema hivi nikijua chumba cha Chanika ni kikubwa, kina hewa, na kodi yake ni nafuu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme kila siku unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila nauli shilingi 700. Hizo ni 2,800 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 72,800 kwa mwezi. Hapo bado bodaboda ya usiku na chai unayonunua njiani kwa sababu umetoka nyumbani hujatia kitu mdomoni. Jumlisha na kodi yako, halafu uulize vyumba vya Mwananyamala au Kinondoni, ambako Masaki ni karibu. Chumba kitakuwa kidogo, choo huenda mkachangia na wapangaji wengine, lakini tofauti ya bei haitakuwa ile uliyokuwa unaiogopa. Na saa za kulala hazimo kwenye hesabu hiyo, nazo ni mali yako.

Naomba muelewe Dar es Salaam imekaaje, maana wengi tunapanga kwa kufuata bei tu. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891 kwa ajili ya bandari. Reli ikaanzia hapohapo, na ofisi na maghala yakasimama jirani na maji. Mji ulipotanuka, watu walifuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na Kilwa. Zote zinaelekea katikati, kama vidole vinavyokutana kiganjani. Ndiyo maana anayekaa Mbagala na kufanya kazi Tegeta anateseka kuliko anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo. Wa kwanza inambidi aache barabara yake, akatafute ya mwenzake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wetu tumepata nafasi ya kujenga au kupanga pembeni, huku kazi nyingi zikibaki ndani.

Lakini hazikubaki zote, na hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa mnaotembeza bahasha za maombi Posta peke yake. Kampuni nyingi zimehamia Mikocheni, Masaki, Kijitonyama na kando ya barabara ya Bagamoyo. Wizara nazo zimeondoka kabisa, ziko Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhama kwa vitendo mwaka 2016, kwa hiyo anayeota kazi ya wizarani aangalie chumba Dodoma. Wauguzi, Muhimbili si Upanga tu, ipo na Mloganzila, nje ya mji upande wa barabara ya Morogoro. Walimu na wafamasia, shule binafsi na maduka ya dawa yamewafuata watu hukohuko Goba, Madale na Bunju. Wa biashara za jumla na nguo, kwenu bado ni Kariakoo, sina la kuwadanganya.

Viwanda ndivyo vinavyonipa matumaini zaidi kwa wadogo zangu wa pembeni. Vya zamani viko Chang'ombe na barabara ya Nyerere, lakini vingi vipya vimejengwa mkoa wa Pwani, Mkuranga na Kibaha. Wewe wa Mbagala, Mkuranga iko kwenye barabara yako ya Kilwa. Wewe wa Kimara au Mbezi, Kibaha iko kwenye barabara yako ya Morogoro. Asubuhi wenzako wanagombania magari ya kuingia mjini, wengine wanageuza nayo ili wapate kiti, nawe unapanda gari la kutoka nje na unakaa. Kazi nyingi za huko zinaanza kwa kibarua cha getini, ujira wa siku kwa siku, na kibarua kisichokuhakikishia kesho usikihamie kwa kodi ya miezi sita. Nenda ukitokea nyumbani kwanza mpaka upate mkataba.

Kuna wanaoniambia, dada, mimi siwezi kuhama, tumenunua kiwanja na mume wangu ameshasimamisha boma. Sawa, kiwanja hakikimbii. Mnaweza kupanga ndani miaka miwili huku mnapaua polepole. Mwenye mtoto mdogo ndiye ninayemwombea zaidi ahamie karibu. Mtoto anayeonwa na mama yake akiwa usingizini tu, asubuhi na usiku, anamkosa mama yake, na dada wa kazi hawezi kuliziba pengo hilo.

Dalali akikuonyesha chumba mchana, kirudie saa mbili usiku. Tembea kutoka kituoni mpaka mlangoni, uone kama kuna taa, kama maduka bado yako wazi, kama kuna uchochoro usioupenda. Moyo wako ukikataa, usilipe, hata akikwambia kuna mwingine anakitaka.

Kwenye usaili nako usione aibu kuuliza. Ofisi mnayoniajiria ni hii au tawi jingine? Naripoti saa ngapi? Kuna gari la wafanyakazi, na linaishia kituo gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ukipewa zamu ya usiku, uliza nyongeza hiyo, na uliza utarudije nyumbani, kabla hujatia saini.