MBWA WA KULINDA NA KAZI YA KUWINDA
Somo kwa Vyama vya Msingi



Katika ziara za ukaguzi kwenye vyama vilivyo jirani na msitu wa Kilimanjaro, swali moja hurudi kila msimu. Chama kikinunua mbwa wa kulinda ghala la kahawa, je, mbwa huyo huyo hawezi kupelekwa shambani usiku kuwinda nguruwe mwitu wanaofukua magimbi na kuangusha mahindi? Muulizaji hana nia mbaya. Amekwisha kuona mbwa akilala mchana kutwa mlangoni pa ghala, akila chakula kilichonunuliwa kwa fedha ya wanachama, ilhali shamba lake linaharibiwa. Kwa mkulima, mtumishi anayelala ni hasara.

Swali hili lastahili jibu lililofikiriwa, kwa kuwa linahusu mali ya wanachama, usalama wa watoto wetu na sheria za nchi. Somo hili linakusudia kulitoa.

1. Asili ya tabia ya mbwa

Mbwa wote wametokana na mbwa-mwitu wa kale wa Ulaya na Asia, ambaye si yule mbwa mwitu wa mabaka tumjuaye hapa Afrika. Mnyama huyo alipata riziki yake kwa hatua zinazofuatana: hutafuta kwa pua, hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, kisha huua. Binadamu alipomfuga mbwa, alichagua vizazi kwa kadiri ya kazi aliyoitaka. Hatua nyingine alizitia nguvu, nyingine alizidhoofisha. Anayeielewa kanuni hii ataelewa mengi yanayofuata.

Mbwa wa kuchunga, kama Border Collie wa mpakani mwa Uingereza na Uskochi, hukazia kondoo macho, hunyemelea na kukimbiza, lakini hatakiwi kuuma kwa nguvu wala kuua. Kazi yake ni mawindo yaliyokatizwa njiani.

Mbwa wa kulinda mifugo ni tofauti kabisa. Mfano wake ni Kangal wa Uturuki. Tangu akiwa mtoto wa majuma machache huwekwa zizini pamoja na mbuzi, hata akawaona kuwa ndio jamaa zake. Hamu yake ya kukimbiza ni ndogo, na ndivyo itakiwavyo. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa namna hii tangu mwaka 1994 ili kuwakinga mbuzi dhidi ya duma. Huko, mbwa anayeacha kundi na kukimbiza wanyama wa porini huhesabiwa kuwa na kasoro ya kurekebishwa. Hapa Tanzania mbwa wa jamii hiyo wamejaribiwa katika vijiji vya wafugaji jirani na Hifadhi ya Ruaha.

Mbwa wa kienyeji wa Wamasai, tunaowaona kwenye tambarare chini ya mlima wetu, nao ni walinzi wa aina yao. Kazi yao kubwa ni kubweka mapema. Mwenye mkuki ndiye anayepambana na simba au fisi.

Mbwa wa kuwinda ana sharti la kwenda mbali na bwana wake, kufuata harufu bila kuchoka na kumaliza safari kwa meno. Basenji wa misitu ya Kongo ni mfano mzuri. Mbwa huyu habweki kama wengine, na kwa sababu hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti ili wajue alipo kichakani. Hebu tujiulize: mbwa asiyebweka atamwamshaje mlinzi wa ghala?

2. Je, hakuna mbwa anayeweza yote mawili?

Wapo, wala haifai kuuficha ukweli huo. Mbwa aina ya Alsatian, ambaye wengi wetu humwita mbwa wa polisi, alianza kama mchunga kondoo huko Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz alianzisha chama cha kumtunza na kumwendeleza. Baadaye alionekana kuwa hodari wa ulinzi na wa kufuata nyayo. Magharibi mwa mlima wetu, katika eneo la Enduimet, mbwa wa kufuata nyayo wamewahi kutumika kuwasaka majangili. Vilevile mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake za kimbegu ziliandikwa rasmi huko Bulawayo mwaka 1922, alitumika kuzuia simba kwa kumzunguka na kumbwekea mpaka mwindaji afike. Leo watu wengi humfuga kulinda nyumba zao.

Lakini tuangalie jinsi kazi hizo zinavyotendeka. Mbwa wa kufuata nyayo huongozwa kwa kamba na mtu mmoja aliyefunzwa pamoja naye kwa muda mrefu. Hutii neno la kuanza na neno la kuacha. Hafunguliwi gizani pamoja na kundi la vijana wenye mapanga. Kinachomwezesha kufanya kazi ngumu ni mafunzo na mwongozaji wake, na vyama vyetu vingi hununua mbwa pasipo kununua mafunzo hayo.

3. Yaliyotokea katika chama kimoja

Sitakitaja chama chenyewe, kwa kuwa lengo ni kujifunza. Kilikuwa na mbwa wawili wazuri wa ghala. Nguruwe mwitu walipozidi, vijana wakamwomba mtunza ghala awaazime mbwa kwa usiku mmoja. Mwenyekiti akakubali kwa mdomo. Usiku wa kwanza nguruwe mmoja aliuawa na watu wakafurahi. Usiku mmoja ukawa mitatu, na mitatu ikawa desturi.

Baada ya miezi michache mabadiliko yakaonekana. Mbwa waliposikia mchakato migombani, waliacha lango na kukimbilia huko. Mmoja alipasuliwa ubavu kwa pembe za nguruwe. Mwingine, aliyekwisha kuonja damu, aliingia katika kihamba cha mama mmoja mjane na kuua mbuzi wake wawili. Haukupita muda, ghala likavunjwa usiku ambao mbwa hawakuwapo, na kahawa iliyokuwa ikisubiri kupelekwa kiwanda cha kukoboa Moshi ikapungua magunia sita.

Kwenye Mkutano Mkuu, yule mama alisimama akauliza swali fupi: "Mbuzi wangu analipwa na nani, chama au vijana?" Hapakuwa na aliyeweza kumjibu. Daftari la mihutasari halikuwa na uamuzi wowote juu ya kuazima mbwa. Hatimaye chama kililipa, maana yake wanachama wote walilipa, pamoja na mama mwenyewe.

Nami sina budi kukiri sehemu yangu. Katika ukaguzi uliotangulia niliona hati ya malipo ya kumtibu mbwa jeraha. Nilihakiki hesabu, nikaona jumla ni sahihi, nikatia sahihi. Sikuuliza mbwa wa ghala alijeruhiwaje na nguruwe. Laiti ningaliuliza, pengine mbuzi wale wangalikuwa hai.

4. Sheria na msitu wetu

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaja mbwa miongoni mwa njia zisizoruhusiwa katika uwindaji. Zaidi ya hayo, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliongezewa msitu wa akiba mwaka 2005. Kwa hiyo mbwa anayemfuata nguruwe kutoka shambani aweza kuvuka mpaka kwa dakika chache, na bwana wake akahesabiwa kuwa mwindaji haramu ndani ya hifadhi.

Mbwa hasomi mabango ya mpaka, wala hachagui mnyama. Katika msitu wetu yumo minde, paa mkubwa mwenye shungi la manyoya kichwani, ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania, tena katika milima michache tu. Mbwa aliyetumwa kumfuata nguruwe atamkamata minde kwa furaha ile ile.

5. Hatari ya kichaa cha mbwa

Mbwa anayewinda hukutana na wanyama wa porini na mbwa wasio na wenyewe, akaumwa nao, kisha akarudi mahali ambapo wanachama na watoto hupita. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini waweza kuzuiwa. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

6. Ushauri kwa Bodi za vyama

(a) Mbwa wa ghala awe wa ghala tu. Uamuzi huo uandikwe katika mihutasari.

(b) Awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya kumlisha, kumfunza na kumfungua. Mbwa wa watu wote hana bwana.

(c) Anapochaguliwa, sifa ya kwanza iwe kubweka na kubaki mahali pake. Ukali wa kukimbiza usihesabiwe kuwa ubora. Mbwa wa kienyeji aliyelelewa vema aweza kuifanya kazi hii kwa gharama ndogo.

(d) Cheti cha chanjo kiwekwe katika jalada la chama, nacho kionyeshwe kwa mkaguzi.

(e) Kuhusu nguruwe, nyani na kima, wanachama wa mtaa mmoja washirikiane kwa zamu za usiku, makopo ya kugonga, mioto na boma imara. Mbwa aliyefungwa kando ya shamba ili abweke anafaa, kwa kuwa huko anafanya kazi ile ile ya ulinzi. Uharibifu ukizidi, taarifa ipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au kwa askari wa hifadhi.

Ndugu wanachama, jibu la swali letu basi ni hili: mbwa wa kuchunga au wa kulinda aweza kufundishwa kuwinda, lakini kila anapojifunza kuondoka, anasahau kubaki. Chama kilimnunua ili abaki. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na katika chama kile zilimponyoka zote mbili.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja hatua za mawindo ya mbwa. Ni zipi zinazotakiwa kwa mbwa wa ghala, na zipi hazitakiwi?

2. Mali ya chama ikiazimwa kwa mdomo na kuleta hasara, nani anapaswa kulipa? Masharti ya chama chenu yasemaje?

3. Mbwa wa chama chenu alichanjwa lini? Ni nani anayejua?