Mkanda unamvuka mbwa wangu

SWALI: Daktari, nina mbwa wa kienyeji. Mkanda wa kifuani niliomnunulia, ulioandikwa saizi ya kati, unamvuka kila akirudi nyuma. Nimpimeje? Na godoro lake liwe na ukubwa gani? — Msomaji, Ntinda, Kampala.

JIBU: Iache hiyo saizi ya kati, kila kiwanda kina yake. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana kifua kirefu kwenda chini, kiuno chembamba na kichwa chembamba, kwa hiyo mkanda ukilegea kidogo tu, hupita.

Tafuta tepu ya fundi cherehani. Mbwa asimame, asiketi. Zungusha tepu kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mahali palipo panene zaidi; kipimo hicho ndicho muhimu kuliko vyote. Kisha pima shingo, chini, karibu na mabega. Mkanda ukishafungwa, vidole viwili vilivyolazwa vipite chini yake. Vikipita vitatu, kaza. Ukikosa dukani, mafundi wa ngozi wa soko la Owino watakushonea. Wapelekee vipimo kwa sentimita, na mbwa mwenyewe abaki nyumbani, maana soko lile lina msongamano.

Godoro ni rahisi. Mpime akiwa amejinyoosha, kutoka pua hadi shina la mkia, uongeze sentimita 20. Kwa mvua za Kampala, chagua foronya ya turubai inayovulika, na uliinue godoro kutoka sakafuni.

Kama bado ni mtoto, mpime upya kila mwezi: mkanda uliobana huchubua makwapa.